Kiungulia na presha: namna ya kuvitibu vyote viwili bila kimoja kuharibu kingine

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, malori yakipanga foleni kungoja karatasi za forodha, dereva hukaa saa nyingi kitini, hula anachouziwa dirishani, na usiku hulala amejikunja ndani ya gari. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ndogo ya mji huu, na kuna sentensi moja ambayo nimeisikia kwa Kiswahili cha kila namna, cha Mombasa, cha Bukavu, cha Arua: "Musawo, alsa zinanipandisha presha." Musawo ni tabibu kwa Kiganda, na alsa ni kiungulia au vidonda vya tumbo.

Anayesema hivyo mara nyingi ameweka mkono kwenye chembe ya moyo, na mfukoni ana dawa tatu au nne alizonunua kwenye maduka tofauti. Nimejifunza kuuliza kwanza juu ya mfuko huo. Kiungulia chenyewe ni nadra kuharibu presha ya mtu. Dawa anazonunua kukizima ndizo zinazoiharibu mara nyingi, na zipo dawa za presha nazo zinazochochea kiungulia. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo.

Tuelewane kwanza

Kiungulia ni asidi ya tumbo kupanda kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwisho wa umio kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba: hufunguka tonge lipite, kisha hujikaza. Msuli huo ukilegea, au kitambi kikilisukuma tumbo kwenda juu, asidi hupanda, kifua kikawaka na maji machungu yakafika mdomoni.

Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Hivyo ni majeraha kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba, na vyanzo vyake vikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za kutuliza maumivu. Uganda nzima tunayaita yote mawili "alsa", ndiyo maana mtu hunywa dawa za kuua bakteria mara tatu bila kupimwa na bado anaamka usiku koo likiwaka.

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Chini ya 120/80 ni salama. Ikifika 140/90 au zaidi, ikapimwa siku tofauti na kukutwa hivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa presha.

Je, kimoja huzaa kingine? Maumivu, hofu na usiku wa kukesha huweza kuipandisha presha kwa muda, kisha ikashuka. Presha ya kudumu hailetwi na asidi. Ila magonjwa haya mawili yana mizizi ya pamoja: kitambi, pombe, sigara, na ule usingizi wa kukoroma ambao mtu huacha kupumua kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka. Kwa hiyo kuyakuta yote mawili kwa mtu mmoja ni kawaida kabisa.

Hatua ya kwanza: hakikisha si moyo

Moyo na umio ni majirani kifuani, na neva zao hupeleka habari kwa njia zinazokaribiana. Hata daktari mzoefu hatofautishi kwa kukutazama tu. Anahitaji kipimo cha ECG, kinachosoma umeme wa moyo, na mara nyingine kipimo cha damu.

Kiungulia huja baada ya kula, ukiinama au ukilala, na huandamana na uchungu mdomoni. Maumivu ya moyo hubana au hulemea kama mtu amekukalia kifuani. Huweza kwenda begani, mkononi, kwenye taya au mgongoni, na kuja na jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi. Yakitokea ukifanya kazi nzito au kupanda mlima na kutulia ukipumzika, hiyo nayo ni ishara ya moyo.

Tafadhali usiitumie aya hiyo kujisafisha. Wanawake na wenye kisukari huweza kupata shambulio la moyo lenye dalili hafifu zinazofanana na gesi tumboni. Hata nafuu baada ya kunywa dawa ya asidi si ushahidi kwamba moyo ni mzima. Kama una presha na umepata maumivu ya kifua mapya, au yamedumu zaidi ya dakika chache, nenda hospitali sasa, na usiendeshe gari mwenyewe. Kutoka hapa kwetu watu hukimbilia Tororo au Mbale. Mwenye kuhitaji wataalamu wa moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, Kampala. Mashine ikisoma 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kuuma vikali, kuchanganyikiwa, macho kutoona vizuri, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu, hiyo ni dharura na usingoje asubuhi.

Mama mjamzito naye nataka anisikilize hapa. Kiungulia cha mimba ni cha kawaida: homoni hulegeza ule msuli na mtoto husukuma tumbo juu. Lakini baada ya wiki 20, maumivu ya chembe ya moyo au ya chini ya mbavu za kulia, pamoja na kichwa kinachouma, macho kuona nyota au ukungu, uso na mikono kuvimba, yanaweza kuwa dalili ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba. Wakati mwingine hayo maumivu ya chembe ndiyo yanayotangulia kuonekana, na mama anaambiwa na majirani anywe maziwa baridi. Apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo. Ikiwa 140/90 au zaidi, aende kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali bila kulala nyumbani.

Hatua ya pili: pima presha inavyopimwa

Namba mbaya huzaa matibabu mabaya. Nimeona watu wakiongezewa vidonge kwa sababu walipimwa wakihema, wamebanwa na mkojo, mkanda ukiwa juu ya koti. Fanya hivi:

Usinywe kahawa, usivute sigara na usifanye kazi nzito kwa dakika 30 kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika 5, miguu yote miwili sakafuni, bila kuikunja mmoja juu ya mwingine. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo. Usizungumze. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote mbili.

Rudia asubuhi na jioni kwa siku 7. Namba za siku ya kwanza ziache, nyingine tafuta wastani wake. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unatosha kukupeleka kwa mtaalamu. Ukinunua mashine, chukua ya mkono wa juu kuliko ya kifundo cha mkono, na mkanda ukutoshe: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya kwa kupandisha namba.

Kiungulia kikikuchoma wakati wa kupima, andika namba uliyoipata, weka alama pembeni, kisha pima tena kikishatulia. Ukifanya hivyo kwa siku kadhaa utaona mwenyewe kama presha inapanda na kushuka pamoja na maumivu, au imekaa juu hata kifua kikiwa kimya. Aina ya pili ndiyo inayoumiza figo na ubongo, na ndiyo inayotaka dawa.

Hatua ya tatu: kijitabu

Daftari la shule linatosha. Kila siku andika presha, saa kiungulia kilipokuja, ulikula nini na saa ngapi, ulilala saa ngapi, na kila dawa uliyomeza, hata ile ya kugawiwa na rafiki. Hasa ile ya kugawiwa na rafiki.

Hatua ya nne: mwaga mfuko wa dawa mezani

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nenda nami taratibu. Toa kila kitu: vidonge, paketi za unga, chupa za mitishamba. Usiache dawa yoyote ya presha kwa sababu ya maneno yangu. Lengo ni uijue ya kuulizia.

Anza na unga wa kuchemka unaotiwa kwenye maji, pamoja na magadi au bikaboneti ya kuokea ambayo watu hulamba au kukoroga. Hutuliza haraka, ndiyo maana hupendwa. Lakini ni sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti kina takriban miligramu 1,200 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 kwa siku nzima, vyakula vyote pamoja. Anayekoroga mara mbili kwa siku ameshavuka kabla hajagusa chumvi ya mboga. Dereva mmoja aliniambia amepunguza chumvi mpaka chakula hakina ladha na presha haishuki. Kwenye dashibodi ya gari lake kulikuwa na boksi zima la paketi hizo. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo atafute njia nyingine. Kuwa makini pia na vidonge vya maumivu vinavyoyeyuka kwa povu kwenye maji. Navyo hubeba sodiamu.

Kisha angalia dawa za maumivu: diclofenac, ibuprofen na ndugu zake. Huku barabarani humezwa kwa ajili ya mgongo kama pipi. Hizi huumiza pande zote mbili kwa mpigo mmoja: hukwaruza tumbo na umio, hufanya mwili ushike chumvi na maji hivyo presha ikapanda, na hupunguza nguvu ya dawa za presha unazomeza. Kama nikiruhusiwa kuondoa kitu kimoja tu kwenye mfuko wa mtu mwenye kiungulia na presha, nitaondoa hiki. Paracetamol ni pole zaidi kwa tumbo, mradi usipite kiasi kilichoandikwa.

Aspirini ndogo ya moyo ina sura mbili. Kama ulipewa na daktari baada ya shambulio la moyo au kiharusi, usiiache hata tumbo likiwaka. Rudi aangalie namna ya kulilinda. Kama ulianza mwenyewe ili damu iwe nyepesi, muulize kama unaihitaji kweli.

Sasa tazama dawa za presha zenyewe. Amlodipine na nifedipine hufanya kazi kwa kulegeza misuli ya mishipa ya damu, na kwa baadhi ya watu hulegeza pia ule msuli wa mwisho wa umio. Kama kiungulia kilianza au kilizidi wiki chache baada ya kuanza dawa hizi, mwambie aliyekuandikia. Zipo dawa nyingine za presha, na kubadilisha ni jambo la kawaida. Kuacha ghafla kwa sababu ya kifua kuwaka ni kubadilisha maumivu kwa kiharusi, na huyo mgonjwa nimeshamhudumia zaidi ya mara moja.

Captopril, enalapril na lisinopril zina kisa chao. Huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kuwasha koo. Asidi inayopanda usiku nayo huleta kikohozi kikavu. Mtu anakohoa miezi, anapewa dawa za kifua, anapimwa kifua kikuu, kumbe ni kidonge chake cha asubuhi. Daktari akibadilisha na kukupa dawa kama losartan, kikohozi cha kidonge kwa kawaida huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, ingawa kwa wengine huchukua hata miezi 3. Kikibaki, asidi inachunguzwa. Ila usiruke kipimo cha kifua kikuu ukikohoa wiki mbili au zaidi. Nchi yetu bado ina ugonjwa huo.

Vidonge vya kutafuna na dawa za maji zenye magnesiamu na aluminiamu havina mzigo mkubwa wa sodiamu kama unga wa povu, na ni chaguo zuri kwa kiungulia cha mara moja moja. Tatizo lake ni kwamba hushikana na dawa nyingine tumboni zisiingie mwilini vizuri. Weka nafasi ya saa 2 kati yake na dawa zako za presha. Na kama unatumia dawa za virusi vya Ukimwi zenye dolutegravir, kama ilivyo kwa wengi wa wanaozitumia Uganda leo, imeze dolutegravir saa 2 kabla ya dawa hizo za asidi au saa 6 baada. Mweleze mwenye duka la dawa, hata kama ni kwa sauti ya chini. Hapo si mahali pa aibu.

Omeprazole na jamaa zake hupunguza utengenezaji wa asidi na hazipandishi presha. Makosa ninayoyaona ni mawili. La kwanza ni kuimeza kifua kinapowaka, kama kizima moto. Inatakiwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa muda uliopangwa, kwa kawaida wiki 4 hadi 8. La pili ni kuimeza miaka na miaka bila kuulizwa. Matumizi ya muda mrefu huweza kushusha magnesiamu mwilini, na hatari huongezeka kwa anayemeza pia vidonge vya presha vya kukojoza, kama bendroflumethiazide. Misuli ikikukaza, ukatetemeka, au moyo ukipiga bila mpangilio, omba damu ipimwe.

Doxycycline, ambayo wasafiri wengine humeza kuzuia malaria, huunguza umio ikikwama njiani. Imeze na glasi nzima ya maji ukiwa wima, na usilale kwa angalau nusu saa. Mitishamba nenda nayo kliniki na chupa yake. Sitakuambia ni mbaya wala nzuri bila kujua kilichomo.

Hatua ya tano: rekebisha jioni yako

Sisi Waganda na majirani zetu hula chakula kikubwa usiku, saa tatu, saa nne, kisha kitandani. Tumbo lililojaa likilazwa, asidi ina njia ya tambarare. Acha saa 3 kati ya tonge la mwisho na kulala. Kama kazi haikuruhusu, geuza uzito: kula vizuri mchana, usiku kidogo.

Matoke ya mvuke, viazi vitamu vya kuchemsha, maharage na dodo (mchicha) havina ugomvi na wengi. Tena vina potasiamu inayosaidia kushusha presha, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Kinachosumbua ni mafuta na wingi: rolex (chapati yenye mayai) mbili za usiku, sambusa, muchomo (nyama choma) wenye mafuta, kikomando (chapati na maharage) kilichoogelea mafuta. Nyanya mbichi, pilipili, kahawa, soda na chai nzito ya tangawizi huwachoma baadhi, wengine wala. Usijinyime vyote kwa mara moja. Ondoa kimoja kwa wiki mbili, tazama daftari, kisha amua. Waragi, bia na sigara sitakufanyia majaribio. Hivyo hulegeza msuli na kupandisha presha pia.

Inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Matofali chini ya miguu miwili ya kitanda yanatosha, mradi yasiyumbe. Kurundika mito shingoni hakusaidii, hukunja tumbo na kulibana zaidi. Kwenye lori, kunja blanketi ziwe mteremko unaoanzia kiunoni hadi kichwani. Lala kwa ubavu wa kushoto. Umbo la tumbo hufanya asidi ibaki chini ya mlango wa umio. Legeza mkanda wa suruali.

Kitambi kikipungua hata kidogo, kiungulia na presha vyote hupungua, na hilo ndilo badiliko moja linalolipa mara mbili. Foleni ya forodha ni ndefu: badala ya kukaa ndani, tembea haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Chumvi ya siku nzima iwe chini ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na viungo vya paketi na magadi ya kulainisha maharage. Chumvi ya mawe ya Katwe nayo ihesabu; kutoka ziwani hakuifanyi kuwa nyepesi kwa mishipa.

Kwa wanaofunga Ramadhani: futuru kidogo kwanza, sala, kisha chakula. Sambusa za mfululizo na sharubati kwa pamoja ndizo zinazokesha nawe. Baada ya daku usirudi kitandani moja kwa moja. Ratiba ya vidonge ipangwe na mhudumu kabla mwezi haujaandama.

Hatua ya sita: peleka daftari

Baada ya wiki mbili nenda kituo cha afya na daftari na ule mfuko wa dawa wote. Uliza maswali haya: Je, kati ya hizi ipo inayochochea kiungulia? Ipo inayopandisha presha? Zipi zigawanywe saa? Nitaacha lini hii ya asidi? Na kabla hujapewa tena dawa za "alsa", omba kipimo cha kinyesi cha Helicobacter pylori. Ukiwa umeshameza omeprazole sema, kwa sababu kipimo huweza kukosea usipoiacha wiki 2 kabla.

Usisubiri wiki mbili ikiwa chakula kinakwama kooni, unatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo ni cheusi kama lami, unakonda bila sababu, au unatapika kila ulacho. Hapo unahitaji kuangaliwa na kamera ya tumboni, na rufaa yake hutoka kwenye kituo chako kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kwa msafiri: kabla ya kuondoka chukua dawa za presha za mwezi mzima, kwa kuwa jina lile lile huweza kukosekana kwenye mipaka mingine kama Elegu au Katuna. Ziweke mbali na jua la kioo cha mbele. Piga picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari na ya maandishi ya kila boksi, uiache kwenye simu yako na kwenye simu ya utingo, ili siku ukiishiwa nguvu njiani, atakayekupokea ajue umekuwa ukimeza nini.